Bulgaria Amekuja Kumwona Mgonjwa

Jana usiku sikula kitu cha maana, kipande cha muhogo na chai ya rangi, kwa hiyo asije mtu akaniambia ni shibe. Niliota kompyuta ya Baba imekuja kumjulia hali mgonjwa.

Ilibisha hodi kama mtu aliyelelewa. Nikafungua mlango. Imesimama barazani kwa vile vimiguu vyake vya mpira, imejitwika runinga kichwani, waya wa umeme imejifunga kiunoni, na mkononi imeshika kikapu cha machungwa. Mkono iliutoa wapi sikuuliza. Mgeni hakaguliwi mlangoni.

"Karibu," nikasema. "Nani mwenzangu?"

"Bulgaria."

Nilimjua tangu hodi ya kwanza, nilitaka tu kuwa na hakika. Ndivyo tulivyomwita nyumbani. Baba alipelekwa kusomea ufundi wa simu huko Bulgaria, na wenzake waliporudi na makoti na majokofu, yeye alirudi na kompyuta. Muheza nzima ilikuja kuishangaa. Baadaye watoto wa nyumba ya pili nao waliletewa ya kwao, ile inayojulikana duniani kote, yenye rangi, yenye muziki, yenye michezo ya kununua dukani. Yetu ilijua kijani tu. Wakatuita "wale wa Bulgaria" kwa kutucheka, na sisi kwa ujinga wetu tukaona ni sifa.

"Mgonjwa hajambo?" aliuliza Bulgaria akivua runinga na kuipakata.

"Hajambo kidogo. Anakunywa uji, anajigeuza mwenyewe. Ila hasemi."

Hapo ndipo penye kidonda. Baba alipatwa na kiharusi mvua za vuli zilipoanza. Mguu umerudi, mkono umerudi, ulimi umekataa. Daktari anasema koo halina kasoro, tumsemeshe. Tumemsemesha. Tumemwimbia. Shangazi Fatu alimtukana makusudi, matusi ya nguoni, kwamba labda atakasirika amjibu, wapi! Mimi ndiye ninayelala chumba cha pili na mlango wazi, nikisikiliza kama atasema japo "maji". Sioni haya kusema kwamba naitaka sauti ya baba yangu kuliko kitu chochote, hata ikiwa ya kunigombeza.

"Na mnajua kwa nini hasemi?" akauliza Bulgaria.

"Kiharusi."

Akacheka mpaka kioo kikachezacheza. "Mwajabu! Wewe mtoto wa nyumba ile, unaniambia kiharusi? Baba yako anasubiri mstari."

Nikakaa chini mkekani.

Lazima nieleze, kwa maana aliyekulia na mashine ya nyumba ya pili hawezi kujua. Michezo ya Bulgaria haikuuzwa Muheza, wala Tanga, wala Dar es Salaam. Nani angeileta, kwa ajili ya nani? Ilikuja kwa posta ndani ya jarida, rafiki yake Baba alikuwa akimtumia kutoka Sofia. Mchezo wenyewe ulikuwa umechapishwa kurasa kwa kurasa, mistari yenye namba za kumi kumi, nawe uuingize kwa vidole vyako, mstari baada ya mstari. Ukikosea nukta, mchezo haukubali, mnune pamoja. Basi Mama alisoma na Baba akaingiza. Mama alikuwa mwalimu, alisoma kwa sauti ya imla, polepole, miwani puani. Baba akimaliza mstari anagonga meza kwa pete yake, ko-ko, na Mama anasoma unaofuata.

Kanuni ilikuwa moja. Mstari ukisubiriwa, halisemwi neno jingine lolote. Siku moja Mama katikati ya kusoma alisema, "Mwajabu, epua maharage," na Baba, macho yake kwenye vitufe, akaingiza epua maharage. Mchezo ukagoma. Waliutafuta ugonjwa wake siku na siku, mpaka nilipolisoma mwenyewe pale kwenye kioo. Tangu hapo Mama akisoma, nyumba ilinyamaza, hata kuku walifukuzwa uani.

"Mama yako alikuwa anamsomea ule mchezo wa machungwa," alisema Bulgaria. "Akafika mstari wa mia tatu na arobaini, akaitwa."

Akaitwa, ndivyo alivyosema, kwa heshima. Mama alitutoka ghafla, Mungu amrehemu. Baba aliifunika mashine kwa kitambaa cha meza na hakuifunua tena.

"Miaka yote hii alijisahaulisha na kazi," Bulgaria aliendelea. "Sasa amelala, hana shughuli, amekumbuka alipoishia. Anasubiri. Na anayesubiri mstari haongei, si mlizoea wenyewe?"

Yalikuwa maelezo yaliyonyooka. Nilishangaa daktari, na usomi wake wote, hakuyaona.

"Basi nitamsomea mimi," nikasema. "Jarida liko wapi?"

"Limeliwa na mchwa."

"Sasa?"

"Nenda mstari wa mia mbili," alisema Bulgaria.

Nikawa stesheni.

Kwa Bulgaria ukiambiwa nenda mstari fulani, si ushauri. Unakwenda. Sasa niko stesheni ya Muheza, jua kali, na mabenchi yote yamejaa michezo inayosubiri treni na mizigo yake. Kuna gari la mashindano limekaa kwa matairi ya nyuma, mkoba mapajani. Kuna joka limelaza kichwa juu ya sanduku la bati. Kuna timu nzima ya mpira wa miguu, wachezaji wa kijani, jezi za kijani, na mmoja amembana mwenzake kwapani.

"Huyu ndiye mpira," kapteni alinieleza.

"Mimi ni beki!" akalia aliyebanwa. "Nimesema tangu asubuhi!"

"Kwenye kioo cha Bulgaria hamtofautiani," alisema kapteni. "Vumilia. Subira huvuta heri."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akajibu beki, na mimi moyoni nikampa haki yake.

Nikaliuliza lile gari lilikuwa likingoja nini. Likafungua mkoba, likanionyesha tangazo lililokunjwa likakunjika. Limeandikwa: Linakuja karibuni kwa mashine zote. Chini kabisa, kwa herufi za mdudu chungu: isipokuwa ya Bulgaria.

"Mimi sikuyaona hayo madogo," lilisema gari. "Nikafunga safari. Nikasikia Muheza kuna watoto wana mashine ya kijani, wanapenda michezo kuliko watu wenye duka. Nikasema, rangi nitazivua, si neno, nitakwenda hivyo hivyo."

Na kweli, lilikuwa limezivua. Rangi zake zilikuwa zimekunjwa vizuri mkobani, nyekundu juu, njano chini.

Jamani, nililia. Tulikaa miaka mingapi sisi kwenye ngazi za nyumba ya pili, tukitazama kwa dirishani wenzetu wakicheza, tukidhani hakuna mchezo duniani uliotutaka? Kumbe ilikuwepo. Ilikaa hapa na mizigo.

Bulgaria alipita benchi kwa benchi akishika kila mkono, kwato na usukani. "Samahani," alisema. "Tulikuwa wachache. Hatukuwa na mtu wa kuwapokea." Joka likamjibu kwamba halina kinyongo, ila lingeomba maji.

Kwenye dirisha la tiketi kulikuwa na bwana mmoja mwenye kofia, hana macho, ana vitufe viwili mahali pa macho.

"Mfumo?" aliuliza.

"Bulgaria."

"Bulgaria?" Alimwita mwenzake wa ndani aje anitazame. "Hawa bado wapo? Si walikufa?"

"Hatukufa," Bulgaria alisema kwa upole nyuma yangu. "Siku hizi wapo vijana wanaichukua mashine mpya, wanailaza usingizi, nayo inaota kwamba ni mimi. Nafanya kazi humo ndotoni. Si haba."

"Unakwenda wapi?" bwana akaniuliza.

"Mstari wa mia tatu na hamsini. Namsomea baba yangu."

Akanipa roho tatu, zile za mchezoni, zimefungwa kwenye gazeti kama bajia, moto moto. "Zikikwisha umekwisha," alisema. "Yaani utaamka. Na mgonjwa wako atabaki kusubiri. Wa pili!"

Treni ikaja. Ilikuwa kaseti. Kaseti kubwa ya uwazi, magurudumu yake mawili yenye meno yanazunguka, utepe unateleza kutoka hili kwenda lile, na sisi abiria tumekaa juu ya utepe. Ikaanza kupiga ile sauti. Mwenye kuijua anaijua: kiiiii, kha-kha-kha, kiiiii, kama paka anabishana na redio. Ndivyo mchezo ulivyohifadhiwa ukishaingizwa, kwenye kaseti, na ndivyo ulivyopakiwa ukitaka kuucheza. Baba alikuwa akibonyeza redio kaseti, kisha anainua kiganja juu, na sote tunabana pumzi, kwa sababu alikuwa akiamini kwamba mtu akikohoa kikohozi kitaingia. Alinipakata nyakati zile. Siku nyingine zote alikuwa baba mwenye shughuli zake, lakini mchezo ukipakia hakuwa na la kufanya ila kukaa kimya na mimi mapajani, ananukia sabuni na nyaya za shaba. Mimi nilikuwa naomba kaseti isifike mwisho.

Nikayakumbuka hayo, koo likawasha. Nikakohoa.

Treni ikasimama. Abiria wote wakanigeukia. Nikawakawaka mara kadhaa kama taa ya baiskeli, na gazetini zikabaki roho mbili. Treni ikarudi stesheni ikaanza upya.

"Haya bwana," alisema beki kutoka kwapani. "Sisi tumezoea."

Mara ya pili nilijibana mdomo kwa viganja. Sauti ikaenda, ikaenda, ikakatika, na Bulgaria akasema lile neno lake, nenda.

Niko uani kwetu. Uwa wa zamani, kabla hatujasakafia, na mchungwa wa Baba pembeni umejaa machungwa ya kijani. Watoto wa nyumba ya pili walikuwa wanatucheka kwamba kompyuta yetu haijui rangi ya chungwa. Tukawajibu kwamba hawajui chungwa. Chungwa la Muheza huiva likiwa kijani, na mashine moja tu duniani ililipaka sawasawa.

Katikati ya uwa kuna meza. Baba amekaa, fulana na kikoi, mgongo wake ule wa ujana, vidole juu ya vitufe. Haangalii nyuma. Anasubiri.

Na pale kwenye kamba, Mama anaanika kanga.

Nikaita, "Mama!" Akageuka. Hakunijibu kwa sababu kinywa chake kilikuwa kimejaa vibanio vya nguo, vimejipanga midomoni kama alivyokuwa akifanya siku zote, tukimwambia atavimeza. Akanitazama kwa macho tu. Kisha akanionyesha kamba kwa kidevu.

Kanga zilikuwa zimeanikwa doti kwa doti, kila upande na mwenzake, mpaka mwisho wa uwa. Mahali pa jina, pale chini panapoandikwa maneno, kila doti ilikuwa na mstari wa mchezo.

"Mbona asisome yeye?" nilimnong'oneza Bulgaria. "Yeye ndiye msomaji."

"Huoni ana vibanio? Soma wewe."

Nikasimama nyuma ya Baba nikaitafuta ile sauti ya imla. Ilitoka nyembamba. "Mia tatu na hamsini. Chungwa likianguka, kapu lisogee."

Vidole vikacheza. Pete ikagonga meza, ko-ko.

Moyo wangu, basi tu. Nilikuwa sijaisikia pete ile tangu nikiwa na meno ya utoto. Nikasogea. Upande wa pili wa doti nikauruka, kwa maana ni mtu gani mwenye akili zake anayesoma upande wa pili? Kanga ni doti, maneno ya huku ndiyo ya kule. Nikasoma doti iliyofuata.

"Mia tatu na sitini. Kapu likijaa, liletwe jingine."

Ko-ko.

"Mia tatu na sabini. Mchumaji akichoka, akae kivulini, asihesabiwe kosa."

Ko-ko. Mabega ya Baba yalikuwa yanashuka kidogo kidogo, mabega ya mtu anayetuliwa mzigo.

"Mia tatu na themanini," nikasoma. "Kukicha, nenda mstari wa mia tatu na hamsini."

Nikajikuta nimesimama mbele ya doti ya kwanza. Loo! Nikaanza upya, chungwa likianguka, kapu likijaa, mchumaji akichoka, kukicha, na nikarudishwa tena mwanzo wa kamba. Nikawakawaka. Kwenye gazeti ikabaki roho moja, nayo imepoa.

"Nitazunguka hapa mpaka kiama," nilimwambia Bulgaria. "Mstari wenyewe unanifukuza."

"Mama yako alikuwa anausoma bila kwenda," alisema Bulgaria.

"Aliwezaje?"

"Baba yako alikuwa anamshika."

Nikamtazama Baba. Mikono yake yote miwili ilikuwa kazini. Nikaanza tena, na nilipofika themanini nikahisi vidole vinanibana kifundo cha mkono. Mama. Ameacha kanga zake, amesimama kando yangu, vibanio mdomoni, amenishika. Mkono wake ulikuwa na baridi ya maji ya kufulia na ulikuwa umekunjamana ncha za vidole, kama mikono ya watu waliotoka kufua. Nikasoma. "Kukicha, nenda mstari wa mia tatu na hamsini." Mstari ukanivuta, uwa ukainama, machungwa yakaviringika, na Mama akanishikilia. Sikwenda.

Ko-ko, ikagonga pete.

Nilimwangukia Mama begani, nikamwambia kwamba nimemkumbuka, kwamba nyumba haina utaratibu tangu aondoke, kwamba Shangazi Fatu anaweka nazi mpaka kwenye maharage ya mgonjwa. Alinipigapiga mgongoni. Kisha akanisukuma kidogo kwenye kamba, kwa sababu Baba alikuwa anasubiri.

Nilikuwa nimechanganyikiwa kwa furaha, sikatai. Nikapita haraka, nikaifikia doti ya mwisho, nikasoma kwa sauti kubwa, sasa ikiwa sauti ya Mama hasa, naisikia mwenyewe:

"Mia nne. Mwisho!"

Nikangoja pete.

Pete haikugonga. Vidole vya Baba viko juu ya vitufe, havishuki. Mama ameanza kutoa vibanio mdomoni, kimoja kimoja, anavitia kwenye kapu, anataka kuniambia kitu na vibanio haviishi. Upepo ukapita uani. Ile doti ya kukicha ikainuka, upande wake wa pili ukafunuka, ule ambao sikuusoma, na nikaona kwa mbali kwamba maneno yake hayakuwa yale ya mwenzake. Yalikuwa mengine kabisa. Nikanyoosha mkono niishike kanga, nikaona mkono wangu unawakawaka.

Nikaamka.

Kumekucha. Mwanga uko dirishani, ndoo ya jirani inalia bombani, shuka langu liko sakafuni. Nikalala pale nikitazama dari na kujiona mjinga wa mwisho. Mtu mzima, mwenye wajukuu, moyo unamuuma kwa sababu ya kompyuta iliyokuja na kikapu. Nikajiambia, Mwajabu, amka ukachemshe uji.

Ndipo kikaja kishindo chumba cha pili. Ko-ko, juu ya ubao wa kitanda.

Baada yake ikaja sauti, imekwaruza, nzito, ya mtu anayefungua mlango uliokaa sana bila kufunguliwa. Nilidhani ni redio. Nikatoka mbio kichwa wazi, nikasimama mlangoni. Baba alikuwa ameegemea mto, amenikazia macho, amekunja uso ule ule wa zamani wa mchezo uliogoma.

"Mwajabu," alisema, "umeruka mstari."